Mechi Chungu Nzima na Macho Mawili ya Shabiki

Wahenga walionya kwamba mshika mbili moja humponyoka. Bila shaka hawakumwona shabiki wa kandanda wa zama hizi, ambaye Jumamosi moja hushika nne, Jumapili akaongeza tatu, na usiku wa Jumanne na Jumatano akajitwika nyingine zinazochezwa katika miji asiyoweza kuionyesha kwenye ramani. Huyu humponyoka zote. Mwulize siku ya Alhamisi ni bao gani lililompendeza mno wiki hiyo, naye hukuna kichwa, akatazama dari kama mtahiniwa aliyemsahau mwandishi wa kitabu teule, kisha akatoa jibu la pekee alilo nalo: mbili kwa moja, tatu bila, sare tasa. Matokeo anayo. Mechi hana.

Yamkini msomaji atauliza jambo hili linalihusu nini jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Kwa kawaida kandanda huingia katika kurasa kama hizi kwa mlango wa istilahi: iwe ni kuotea au ofsaidi, mlinda lango au golikipa, na iwapo dakika za lala salama ni tamathali iliyokwisha kufa au ingali na uhai. Mjadala huo una thamani yake. Hata hivyo, upo mjadala mwingine uliopuuzwa, nao unaigusa fasihi simulizi moja kwa moja. Kandanda, kabla ya kuwa biashara ya setilaiti, ilikuwa hadithi. Mmoja alikwenda uwanjani, wengi wakabaki nyumbani, na yule aliyekwenda alirudi na deni: kuwasimulia waliobaki. Utitiri wa mechi za runinga umelifuta deni hilo. Siku hizi hakuna aliyekwenda wala aliyebaki. Wote wameona, na maadamu wote wameona, hakuna anayesimulia.

Hesabu na itangulie. Katika msimu wa 2024/2025 klabu ya Arsenal, ambayo ina mashabiki kutoka Kisumu hadi Kilifi, ilicheza mechi 58 za mashindano: 38 za Ligi Kuu ya Uingereza, 14 za Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, tano za Kombe la Ligi na moja ya Kombe la FA. Mechi moja, pamoja na mapumziko na dakika za majeruhi, humla mtazamaji takriban saa mbili. Mbili mara 58 ni saa 116. Kozi moja katika vyuo vikuu vingi vya Kenya huhesabiwa kuwa na saa 45 za mihadhara kwa muhula. Kwa hivyo shabiki mwaminifu wa Arsenal, asiyetazama timu nyingine yoyote, alihudhuria kozi mbili na nusu na ushei, bila mtihani, bila cheti na, msimu ule, bila kombe.

Lakini yuko wapi shabiki asiyetazama timu nyingine? Wa Arsenal sharti aitazame Tottenham ili aiombee mabaya. Wa Manchester United huitazama Liverpool kwa nia iyo hiyo, na mara nyingi huiombea kwa bidii kuliko anavyoiombea yake, hasa miaka hii ambapo dua za yake hazijibiwi. Ukiongeza wapinzani wawili watatu, saa 116 huwa 300 na kupita. Huo ni muda wa kuandika tasnifu, na ikibaki nafasi, wa kuirekebisha baada ya msimamizi kuichora kwa kalamu nyekundu.

Waandaaji nao hawajatosheka. Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, iliyokuwa na mechi 125 kuanzia hatua ya makundi hadi fainali, ilipanuliwa katika msimu wa 2024/2025 zikawa 189. Kombe la Dunia lilikuwa na mechi 38 mwaka 1978, 52 mwaka 1982 na 64 tangu mwaka 1998. Lile la mwaka 2026, la timu 48, likatengewa mechi 104. Katikati ya hayo likapachikwa Kombe la Dunia la Vilabu la timu 32, lililochezwa Marekani mwaka 2025 katika miezi ya Juni na Julai, msimu ambao zamani mashabiki waliutumia kuwakumbuka ndugu zao. Baadhi ya mechi zake zilianza saa kumi alfajiri kwa saa za Nairobi. Wako walioamka. Mwadhini wa msikiti wa jirani hakuwa peke yake macho.

Anayetaka kuona namna wingi huu unavyotazamwa na asisumbuke kwenda mbali. Aingie katika chumba cha runinga cha bweni lolote usiku wa Ligi ya Mabingwa, saa nne au saa tano kutegemea majira ya Ulaya, au katika kibanda cha video kilicho karibu na lango la chuo. Nje ya kibanda pana ubao ulioandikwa kwa chaki: mechi, saa, na mara nyingine jina la klabu lililoendelezwa kwa namna ambayo ingemliza mwenye klabu. Ndani pana viti vya plastiki, mabenchi, joto, na runinga mbili au tatu zilizopangwa sako kwa bako, kila moja na mechi yake. Sauti ni ya moja tu. Watazamaji wa mechi isiyo na sauti husikia ya nyingine. Kelele zipigwapo upande wa kushoto, wa kulia hugeuza shingo. Wakigeuka, bao limefungwa kulia, nao hawakuliona. Basi wanasubiri marudio. Hapo ndipo ajabu ilipo: mtu amelipa ili aone jambo likitendeka, na analoliona hasa ni marudio yake.

Zamani haikuwa hivi, na si kwamba zamani yote ilikuwa njema. Viwanja vilikuwa vibovu, umeme haukufika sehemu nyingi, na redio ya betri ilipokosa mawe, kijiji kizima kilikosa matokeo. Lakini mtangazaji wa redio alikuwa na wajibu ambao mtangazaji wa runinga hana. Ilimbidi aujenge uwanja mzima ndani ya sikio la msikilizaji: nani anao, yuko upande gani, anaelekea lango lipi, nani anamkabili, jua liko wapi, umati umevaa rangi gani. Leonard Mambo Mbotela, aliyeaga dunia Februari 2025, aliwafunza Wakenya wa vizazi kadhaa kuiona kandanda kwa masikio kupitia Sauti ya Kenya, iliyokuja kuwa KBC. Kila sentensi yake ilikuwa na kazi, kwa sababu pasipo sentensi hiyo palikuwa na giza. Mtahini wa fasihi simulizi akitaka mfano wa fanani aliyekabiliwa na hadhira isiyoonekana, asitafute zaidi.

Na hadhira hiyo ilijibu. Mwaka 1987 Gor Mahia ilitwaa Kombe la Washindi barani Afrika, lililoitwa Kombe la Nelson Mandela, baada ya kutoka sare ya mabao 2-2 na Espérance ya Tunisia ugenini na sare ya 1-1 jijini Nairobi. Mabao ya ugenini ndiyo yaliyoamua. Leo, takriban miaka arobaini baadaye, wako vijana waliozaliwa muda mrefu baada ya siku hiyo wanaoweza kuisimulia mechi ile utadhani walikuwa jukwaani. Walisimuliwa na baba zao na wajomba zao, ambao baadhi yao nao walisimuliwa. Kila msimulizi ameongeza lake, mpira umegonga mwamba mara nyingi zaidi ya ulivyogonga, na mlinda lango wa Tunisia ameruka juu zaidi ya alivyoruka. Hiyo ndiyo tabia ya simulizi. Je, ni mechi ipi kati ya zile 58 za Arsenal itakayosimuliwa hivyo mwaka 2060? Pengine ile ya Aprili 2025 waliyoifunga Real Madrid mabao matatu bila. Zile nyingine 57 zimekwenda na maji.

Wapo watakaopinga hoja hii, na upinzani wao si wa kubezwa. Watasema runinga na redio za kimataifa zimekitajirisha Kiswahili. Ni kweli. Kipindi cha Ulimwengu wa Soka cha Idhaa ya Kiswahili ya BBC kiliitangaza Ligi Kuu ya Uingereza kwa Kiswahili kitamu, na sauti kama za Charles Hilary na Salim Kikeke ziliwafikia wasikilizaji kote Afrika Mashariki. Maneno kama tobo, kanzu, danadana na mkwaju yamepata miguu. Lakini izingatiwe kuwa huo ulikuwa ni utajiri wa redio, yaani wa kusimuliwa. Katika vibanda vya Kenya mechi nyingi hutazamwa kwa Kiingereza, na mtazamaji akishapata picha hahitaji maneno sana. Hata Kiingereza chenyewe hakisikilizi. Mtazamaji huyu hana haja na tashbihi. Anayo skrini.

Kisha kuna neno mkeka. Hapa mwanaisimu angefaa kusita kidogo, kwani historia ya neno hili katika miaka ya karibuni ni muhtasari wa mada nzima. Mkeka ulikuwa ni kitandikwa cha ukindu, na juu yake walikaa watoto kumsikiliza bibi akianza na paukwa. Siku hizi, katika vinywa vya vijana, mkeka ni orodha ya mechi alizozibashiri mtu kwa pesa, pengine kumi, pengine kumi na tano, kuanzia Ligi Kuu ya Uingereza hadi daraja la pili la nchi ambayo bendera yake haijui. Moja ikienda kombo, mkeka umechanika. Mwenye mkeka wa mechi kumi na tano hatazami hata moja. Anatazama tarakimu zikibadilika kwenye simu. Kwake yeye, dakika ya themanini na tano ya mechi kati ya timu asizozijua huweza kuwa na uzito kuliko fainali, kwa sababu karo ya muhula iko humo. Waliolipoteza pesa za karo kwa njia hii hawajitangazi, ila viongozi wa wanafunzi wanawajua, na wenye vyumba vya kukodisha wanawajua zaidi. Huu ni utazamaji wa mechi nyingi uliofika kikomo chake: mechi zote zipo, na kandanda haipo.

Hasara nyingine iko nje ya vibanda. Uingereza kwenyewe kuna kanuni, iliyoanzia miaka ya 1960, inayozuia kandanda kuonyeshwa moja kwa moja kwenye runinga za nchi hiyo Jumamosi kuanzia saa nane na dakika arobaini na tano hadi saa kumi na moja na robo alasiri. Sababu yake ni kuvilinda vilabu vidogo: mtu asikae sebuleni kuitazama klabu kubwa ilhali uwanja wa mtaani kwake uko tupu. Basi Jumamosi saa tisa alasiri kwa saa zao, Mwingereza wa London hawezi kuitazama kwenye runinga yake mechi ya Ligi Kuu ambayo Mkenya wa Kawangware anaitazama raha mustarehe. Waliotengeneza bidhaa hii wanajikinga nayo. Wanaoinunua hawana kinga.

Matokeo yake yanaonekana kila wikendi. Mechi ya ligi ya Kenya aghalabu huanza saa tisa au saa kumi alasiri. Muda huo ile ya kwanza ya Uingereza siku ya Jumamosi imekwisha kuanza au inakaribia, na baada yake zinafuata nyingine hadi usiku. Kijana anayeishi hatua mia chache kutoka uwanja wa Dandora atalipa kiingilio cha kibanda lakini hatalipa cha uwanja, kisha jioni atalalamika kuwa kandanda ya nyumbani haina mvuto. Itapata wapi mvuto bila yeye? Shabana ya Kisii iliporejea katika ligi kuu mwaka 2023, mashabiki wake walirejea nayo kwa vifijo na nyimbo, wakadhihirisha kuwa hamu haijafa. Ila Shabana ni moja, na viwanja vyenye majukwaa matupu ni vingi. Mtafiti wa nyimbo za mashabiki, uwanja ambao bado haujalimwa vya kutosha katika idara zetu, hatazipata kwenye kibanda. Kibandani watu hawaimbi. Wanashangilia, kisha wanaangalia simu.

Ushahidi wa kuwa uchache hurutubisha kumbukumbu ulipatikana hapa hapa Agosti 2025, Kenya, Uganda na Tanzania zilipoandaa kwa pamoja michuano ya CHAN. Harambee Stars ilicheza mechi tano tu. Iliilaza Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 1-0, ikatoka sare ya 1-1 na Angola, ikaipiga Morocco 1-0 kwa bao la Ryan Ogam huku ikibaki na wachezaji kumi kwa kipindi chote cha pili, ikaifunga Zambia 1-0, kisha ikatolewa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali. Mwulize yeyote aliyeifuata timu ile, iwe alikuwa Kasarani au kwenye duka la mpakani Busia, atazitaja zote tano kwa mpangilio, na ya Morocco ataisimulia kwa mikono, akisimama. Mtu huyo huyo hawezi kutaja mechi tano mfululizo za klabu yake ya Ulaya za mwezi uliopita. Akili yake haijachakaa. Imejazwa tu.

Kuna wanaoona dawa ni kuacha kandanda kabisa, na hasa wahadhiri wanaoona madarasa ya Alhamisi asubuhi yakiwa nusu. Hiyo si dawa. Mtu haachishwi chakula kwa sababu alivimbiwa. Kinachofaa ni shabiki ajifunze kukosa. Achague mechi moja kwa wiki, aitazame kuanzia kipenga cha kwanza hadi cha mwisho bila simu mkononi, na zile nyingine azikose kwa makusudi na bila majuto. Kukosa si upungufu wa ushabiki. Aliyekosa ndiye mwenye swali, na mwenye swali ndiye anayemfanya aliyeona awe msimulizi. Vyama vya Kiswahili vyuoni, ambavyo hutumia jioni nyingi kujadili namna ya kuhuisha fasihi simulizi, vingeweza kumtuma mwanachama mmoja kwenye mechi ya ligi ya vyuo au ya Bandari kule Mbaraki, akarudi na kuisimulia kwa nusu saa mbele ya wenzake ambao hawakuiona na hawataiona popote. Atakayeweza kuwafanya washike vichwa mpira ukipaa juu ya mwamba amefaulu mtihani ambao karatasi haiupimi. Wahadhiri nao waalikwe, mradi wasije na mwongozo wa kusahihishia.

Ugumu wenyewe uonekane katika mkahawa wa wanafunzi, asubuhi iliyofuata nusu fainali yoyote ile. Mmoja alilala mapema kwa sababu ana wasilisho saa mbili. Anamkuta mwenziwe mezani, macho mekundu, chai mbele yake.

"Ilikuwaje, ndugu yangu?"

"Mbili moja."

"Matokeo nimeyaona. Nauliza ilikuwaje."

Mwenziwe anafungua kinywa, anasita, anajaribu kukumbuka ni bao lipi lilikuwa la mechi hii na lipi la ile iliyokuwa kwenye runinga ya pili. Kisha anaingiza mkono mfukoni, anatoa simu, anaisukuma juu ya meza kuvuka vikombe.

"Bwana, si ujionee mwenyewe."

Bao la kwanza linakwisha kabla aliyeuliza hajavuta kiti.